Jumamosi Tisa za Baba Rhoda

Songwa, 3 Juni 2025

Wifi yangu Noela,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mimi mzima, Rhoda mzima huko chuoni kwake, na yule kuku mwekundu uliyeniachia anataga chini ya kitanda changu kana kwamba nyumba ni yake. Natumaini ulifika salama Nyarugusu na kazi ya kufundisha umeianza.

Utacheka kwamba nakuandikia barua wakati simu ipo. Lakini unaujua ukuta wa nyumba hii. Philomena wa upande wa pili akipiga chafya mimi huitikia afya. Ninalotaka kukuambia sitaki alisikie, maana yeye ndiye aliyelianzisha. Kwa hiyo nimempa barua Donatus, konda wa basi la Geita, na nimemwambia asipoifikisha nitamwendea mama yake.

Noela, miaka miwili imepita tangu tumzike kaka yako, na kuna jambo sijawahi kukuambia. Jumamosi tisa za mwisho za maisha yake hakuzikaa hapa. Aliondoka saa kumi na mbili asubuhi amevaa lile koti la kijivu, akarudi jioni. Nikimuuliza ulikuwa wapi, ananijibu, "Kwenye kikao." Kikao gani? "Kikao tu, Mama Rhoda." Philomena, ambaye mume wake alikuwa katibu wa chama cha msingi cha pamba, akaniambia hakukuwa na kikao chochote. Msimu wenyewe ulikuwa haujafika.

Ningesema ni mambo ya wanaume, nikanyamaza. Lakini alirudi sauti imekauka, akaomba chai ya tangawizi, asiongee hadi kulala. Yeye Boaz, aliyekuwa akitaja uzito wa pamba pale kwenye mizani na watu wa ng'ambo ya korongo wakasikia! Unakumbuka alivyokohoa mara mbili kabla ya kutaja, kama mtu anayebisha hodi? Koti lake lilinukia udi. Na mabegani nikawa naokota chembe za sponji, sponji la njano la godoro. Wifi, mimi si mtoto. Mwanamume anarudi na godoro mabegani, nifikiri nini?

Jumamosi ya tano aliniletea kitenge, bila sikukuu, bila mimi kuomba. Nilikikunja nikakiweka sandukuni. Sijakishona hadi leo.

Alipofariki ile Alhamisi, nilikuta karatasi mfukoni mwa koti. Mwandiko wake. Maneno ya migodini yamepangwa: duara, ndilo shimo lao, matimba, yale magogo ya kuzuia udongo, winchi, karasha. Kaka yako alipima pamba, hakuwahi kushuka shimo lolote. Na chini yake ameandika: "Usishuke peke yako. Toka sasa, nyumbani wanakusubiri." Nyumbani kwa nani? Mimi sikuwa shimoni.

Nadhani alikuwa na mtu huko kwenye dhahabu. Sasa wewe uko huko. Uliza kwa upole. Sitaki kugombana na mtu. Nataka tu kujua alikuwa wapi, maana kila Jumamosi saa kumi na mbili bado naamka, nakaa kitandani, nawaza hilo hilo, na nimechoka.

Wifi yako,
Asteria


Nyarugusu, 9 Juni 2025

Wifi Asteria, shikamoo.

Barua nimeipata, imenukia dagaa, sijui Donatus aliiweka wapi. Huyo kuku mchinje, amekuzoea vibaya.

Niko salama. Tunakaa kwenye nyumba moja ndefu ya bati, karasha zinasaga mawe mchana kutwa, na vumbi nalila kuliko ugali. Wanafunzi wangu ni thelathini, wachimbaji watupu, mikono yao mikubwa hata simu inapotea humo. Nawafundisha programu ya simu ambayo bado haijatolewa kwa watu. Zaidi ya hapo siruhusiwi, na hata hapo nimesema sana. Siku ya kwanza dada Shaheen, msimamizi wetu, alitusainisha wote mkataba wa kutunza siri, kurasa nne. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Simu zetu wenyewe zinakusanywa kwenye ndoo Jumatatu asubuhi, tunarudishiwa Jumamosi. Ndiyo maana hunipati.

Wananiita Madamu Usiseme. Kuna mzee mmoja wa huko kwetu Kishapu, anaitwa Mayala, aliposikia habari ya siri akasimama darasani akasema, "Madamu, mimi nimemficha mke wa pili miaka kumi na moja, nitashindwa na programu?" Watu wakaanguka kwa kicheko.

Samahani, wifi. Nimeandika hilo kabla ya kufikiri, na karatasi sina nyingine.

Kuhusu kaka: Boaz yule yule aliyeshindwa kumdanganya hata muuza nyanya? Aliyerudi dukani kwa miguu kurudisha chenji iliyozidi? Sikuamini, na nimeisoma barua yako mara tatu. Lakini hizo chembe za sponji sina jibu lake. Nitauliza. Mayala anamjua kila mtu hapa.

Kesho tunaacha mazoezi ya kushika simu, tunafungua programu yenyewe kwa Kisukuma. Mimi nilijifunzia ya Kiswahili, ya Kisukuma imefika leo. Ona, nimesema sana tena. Choma barua hii, au mpe kuku.

Mdogo wako,
Noela


Nyarugusu, 11 Juni 2025

Wifi,

Naandika haraka, Donatus anapiga honi.

Ile karatasi ya kaka usimwonyeshe mtu. Usiisome kwa sauti. Iweke mahali salama, na usinitumie tena maneno yake kwenye barua.

Sitauliza watu kuhusu kaka. Haina haja tena. Usiniulize sababu.

Umekula leo? Kula, tafadhali.

Noela


Songwa, 20 Juni 2025

Noela,

Nimekaa na barua yako siku nane kabla ya kujibu, nikitumaini itafuata nyingine. Haikufuata.

Umempata. Nisingekuwa mke wa mtu miaka ishirini na mbili kama nisingejua sauti ya mtu aliyeona kitu. "Haina haja tena." Haina haja kwako, maana umeshamwona. Kula, unaniambia, kama anavyoambiwa mfiwa siku ya kwanza.

Sikulaumu. Damu ni nzito, na yeye ni kaka yako kabla ya kuwa mume wangu. Labda huyo mwanamke ni mtu mwema. Labda alikupikia. Labda kuna mtoto, na mtoto anafanana na mama yenu, na wewe umempenda. Kama yupo, niambie jina lake tu. Jina halimdhuru mtu. Mimi nitalijua, basi, nitakuwa na kitu cha kuwaza badala ya giza.

Jana Philomena alinikuta kisimani. Akasema, "Mama Rhoda, mbona umekonda? Au yule mke wa Jumamosi amekuja kudai urithi?" Wanawake wanne walikuwepo. Wawili walicheka na wawili wakatazama ndoo zao. Nilijitwisha ndoo yangu nikaondoka, kwa sababu hata mimi naamini anachosema. Hilo ndilo linaloniumiza, wifi. Kama ningekuwa na hakika na mume wangu ningemmwagia maji.

Nilikuwa nampenda sana akikohoa ile mara mbili. Hata usiku, akitaka kuniambia jambo, alikohoa kwanza. Simu yake ilizama mtoni wiki moja kabla hajafa, unakumbuka, kwa hiyo hata sauti sina. Nimeanza kuisahau. Juzi nilijaribu kuikumbuka nikasikia ya mhubiri wa redioni.

Usiponijibu nitaelewa.

Asteria


Nyarugusu, 26 Juni 2025

Wifi yangu, shikamoo.

Si unavyofikiri. Naomba uanze na hilo.

Ninaweza kuandika mstari mmoja hapa ukalala usingizi leo. Nimeuandika mara tano, nimeuchana mara tano. Wala siogopi kufukuzwa kazi. Nilisaini kwa mkono wangu, mbele ya wanafunzi thelathini, halafu nikawafundisha wao kwamba neno la mtu ni mtu. Na kuna mwingine aliyesaini kabla yangu, akatunza hadi mwisho wake, ingawa ilimgharimu nyumbani. Sitaki mimi niwe wa kumvunjia.

Darasa limesimama tangu tarehe kumi. Wanafunzi waliweka simu za kazi mezani, wakatoka mmoja mmoja, hawajarudi. Makao makuu wanadhani programu ni mbovu, wanataka kuifunga. Si mbovu. Mzee Mayala amesema kuna mtu mmoja tu anayeweza kuwarudisha, na bila huyo hawaigusi hata kwa fimbo. Mtu huyo ni wewe.

Nimemwambia dada Shaheen. Alifunga kompyuta, akatoka nje akazunguka nyumba mara mbili. Aliporudi akasema, "Mwambie aje kama mwanafunzi. Akisaini, tutamwambia yote."

Njoo Jumamosi, tarehe tano. Donatus atakuwekea kiti cha mbele. Nitakupokea stendi. Lakini fikiri kwanza, wifi: ukishasaini, utajua, na hutaweza kumwambia mtu. Si Philomena. Si Rhoda.

Mdogo wako akupendaye,
Noela


Songwa, 1 Julai 2025

Noela,

Nitakuja.

Umeniambia si ninavyofikiri. Nimefikiri mengi sana, wifi, lazima mojawapo limo.

Kuhusu kutomwambia mtu, usijali. Nimekaa na jambo hili miaka miwili bila kumwambia hata wewe. Mdomo wangu umezoea.

Kuku nimemkabidhi kwa watoto wa jirani. Nitabeba michembe, ile ya viazi vya mwaka huu, nimeikausha mwenyewe juu ya jiwe la nyuma. Mtoto, kama yupo, ataila na karanga. Mtoto hana kosa.

Asteria


Songwa, 8 Julai 2025

Baba Rhoda,

Nimekaa hapa mezani sijui nianzeje, maana sijawahi kukuandikia. Hukuwahi kuwa mbali zaidi ya Jumamosi moja.

Nimesaini. Dada Shaheen alinipa kurasa nne, nikazisoma zote kwa kufuata mstari na kidole, na hakuniharakisha. Nikamuuliza, "Nikishajua, nitamwambia nani?" Akasema, "Waliosaini tu, mama, mpaka programu itolewe kwa watu wote." Lini? "Hatujui. Huenda mwakani. Huenda isitolewe kabisa." Nikasaini. Ndipo akafungua faili akatoa mkataba mwingine, wa zamani, na chini yake jina lako, ile B yako yenye tumbo kubwa.

Kwa hiyo wewe naweza kukuambia. Ulisaini kabla yetu wote.

Nimeshajua ulikuwa wapi. Ulikuwa Shinyanga mjini, kwenye stoo nyuma ya duka la nguo la Mzee Praful. Shaheen anasema kuta zote walizipigilia magodoro ya zamani ili kelele za bodaboda zisiingie, na wewe kila ukisoma ulikuwa unaegemea, yanakupukutikia. Udi ni wa Mzee Praful, huuchoma kila asubuhi dukani akisali. Na sauti yako iliisha kwa kusoma Kisukuma tangu saa mbili hadi saa kumi, sentensi kwa sentensi, za kumwonya mtu kabla hajashuka kwenye duara. Walikutafuta wewe kwa sababu ya ile sauti yako ya kwenye mizani.

Anasema siku ya kwanza ulimuuliza kama mke naye anahesabika kuwa mtu wa nje. Akakujibu kwamba kwa mkataba, ndiyo. Ukakuna kichwa, ukasema, "Basi nitasema kikao."

Jumamosi ya kumi walikusubiri. Zilibaki sentensi mbili. Walipiga simu yako haikuita, wakadhani umechoka nao. Hakuna aliyewaambia kwamba umefariki. Dada Shaheen aliniomba msamaha, na sikujua namsamehe lipi.

Noela alikusikia tarehe kumi mwezi uliopita, mbele ya darasa zima. Alibonyeza simu, ukatoka wewe. Alikimbilia nje, wakadhani ni tumbo. Mzee Mayala ndiye aliyepiga kelele, "Huyu si Boaz wa mizani? Mimi nimemwaga udongo kaburini kwake!" Unajua watu wetu. Marehemu akikuita, huitiki, na shimoni ndiyo kabisa. Wakaweka simu zote mezani. Mayala akasema mpaka mwenye nyumba yake aje aitikie kwanza.

Basi Jumamosi walirudi wote thelathini, wakasimama ukutani, kofia mikononi. Simu ikawekwa mbele yangu. Nilikuwa na mfuko wa michembe magotini. Noela akabonyeza.

Ukakohoa mara mbili.

Hawakuufuta mkohoo wako, Baba Rhoda. Dada Shaheen anasema mafundi walitaka kuufuta, yeye akawaambia uacheni, unamfanya awe mtu. Ukakohoa, halafu ukasema, "Mwangaluka," kama unavyonisalimia ukitoka kuoga. Nikaitikia. Sikupanga kuitikia. Mdomo ulikwenda wenyewe. Ukaendelea: umetazama matimba? Usishuke peke yako. Na mwisho, polepole kuliko ulivyowahi kusema neno lolote kwenye mizani: toka sasa, nyumbani wanakusubiri.

Mayala akauliza, "Mama, anatuita?"

Nikawaambia, "Msikilizeni vizuri. Wafu wakiita husema njoo. Huyu amesema toka."

Mzee akatazama dari. Akasema, "Kweli kabisa. Anatufukuza, kama alivyotufukuza mimi na pamba yangu yenye maji." Mmoja akacheka, wakacheka wote, na Mayala akawa wa kwanza kuichukua simu yake mezani. Michembe waliila palepale, wakasema ya Kishapu ni tamu kuliko ya Geita. Hakuna aliyeniuliza nilimletea nani. Noela anajua, alikuwa anatafuna huku analia.

Niliomba kuondoka na sauti kwenye simu yangu ya kitochi, hata ile mikohoo miwili tu. Dada Shaheen akasema haiwezekani, na macho yake yalikuwa mekundu. Sikumlaumu. Wino wangu ulikuwa haujakauka. Nilikusikiliza mara ya pili na ya tatu, kisha basi likapiga honi.

Nimekukasirikia pia. Usidhani sikukukasirikia. Ungeniachia japo neno moja, ungesema, "Asteria, ni jambo jema, vumilia." Niliokota sponji mabegani mwako nikiwa nakuchukia, na wewe ukafa ukiwa hujui kwamba nakuchukia, au ulijua ukanyamaza. Hilo sitalijua hata nisaini karatasi ngapi.

Kitenge nimekitoa sandukuni. Fundi amesema atakishona wiki hii, ila pale kilipokunjwa pamebaki mstari, hautatoka hata kwa pasi. Nimemwambia auache.

Barua hii nitaiweka mfukoni mwa koti la kijivu, pale ilipokuwa karatasi yako.

Jana jioni Philomena alinikuta nachuja chai ya tangawizi. Vumbi la Nyarugusu limenikausha koo, sauti haitoki vizuri. Akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani. Akasema, "Mama Rhoda, Jumamosi nzima mlango umefungwa. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na jibu la kumnyamazisha maisha yake yote. Lilikuwa hapa, kwenye ulimi.

Nikakohoa. Nikamwambia, "Kwenye kikao."

Akanitazama kama nilivyokuwa nakutazama wewe.

Mkeo,
Asteria